Benchi Lililokwenda Dansini

Mimi nikishika randa, mbao hunyamaza. Sijisifu bure. Waulize wapiga gitaa wa mkoa wetu wote wa Savo, kuanzia vijana wa nywele ndefu wanaopiga kama wanabomoa nyumba, hadi wazee wa tango, ile dansi ya watu wawili wawili. Wakitaka gitaa la umeme la kuwakaa mwilini sawasawa, wanakuja kwangu, Raakel, kwenye karakana iliyokuwa zamani zizi la ng'ombe. Kwa hiyo niliposema Oiva atapiga tena, sikuwa naota. Gitaa lenyewe nilikuwa nimeshaliona kichwani, na lilikuwa zuri.

Oiva ni mtoto wa mjomba wangu, Taavetti. Kwa miaka mingi alipiga tango kwenye ukumbi wa dansi wa kando ya ziwa. Watu walioana kwa sababu ya gitaa lake. Wengine baadaye waliachana, lakini hilo gitaa halihusiki. Kisha siku moja, akipasua magogo na baba yake kwenye mashine yao ya nyumbani, msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile cha mwisho na jirani yake. Aliyekuwa kwenye swichi ni mjomba. Hakuna aliyemlaumu, na ubaya ni kwamba hakuna aliyesema lolote. Mjomba alizima mashine asiiwashe tena, Oiva akahamia mjini, wakawa watu wa kutumiana salamu kupitia kwa mama yake Oiva.

Bendi ilimvumilia Oiva misimu miwili. Safari hii wakasema wazi: asipopanda jukwaani mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, nafasi yake anapewa mtu mwingine moja kwa moja. Nikamfuata mjini.

"Nakutengenezea gitaa," nikamwambia hata koti sijavua.

"Nani kakuagiza?"

"Sijaagizwa. Shingo fupi, nyembamba. Vidole viwili vitafika kote vilikofika vinne."

"Raakel, zawadi za huruma sitaki. Kampe mwenye shida."

"Huruma? Wewe ulinisukuma ziwani mwezi wa kumi, na baridi ile, nikuonee huruma leo? Ni mabaki tu, bwana. Vipande vimelala, nisipovitumia vitaishia jikoni."

Akacheka kwa puani. Oiva hapokei zawadi hata umpigie magoti, lakini mabaki hawezi kuyakataa. Ndivyo tulivyolelewa.

"Mabaki," akasema. "Nikikuta kipande kimoja cha dukani, nakurudishia lote."

Mkono wake hakukubali niupime. Basi nikamwalika siku ya kuoka, nikamkalisha mezani abane kingo za vikate vyetu vya kujazwa wali, na alipoondoka nikapima alama za vidole vyake kwenye unga. Shingo nikaichonga kufuata vikate vile, kwa ubao mweupe mgumu uliobaki shule ya kijiji ilipobadilisha sakafu. Sumaku za kunasa sauti nilizungushia waya mwenyewe, waya wa mota iliyokufa. Kwa kiwiliwili nilitaka leppä.

Leppä ni mti wa kandokando ya maji. Kwetu ndio unaotumika kwa mabenchi ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, kwa kuwa hauchomi makalio hata chumba kiive namna gani, na moshi wake unakausha samaki vizuri kuliko wowote. Na gitaa la umeme la leppä linaimba, hilo mimi ndiye nakwambia. Kwenye kibanda cha mjomba zilikuwapo mbao mbili pana, nene, zilizobaki alipojenga sauna yake. Kiwiliwili cha gitaa ni nusu mbili zinazogundishwa. Nikachukua ubao mmoja kuujaribu, wa pili nikauacha palepale ukae mkavu. Sikumwambia mtu. Nani angeugusa?

Jumamosi ya Pasaka nikaufuata. Nilipofungua geti tu, nikasikia harufu ya moshi, na mate yakanijaa kabla akili haijafanya kazi.

"Mjomba, ule ubao wa leppä uko wapi?"

Akaelekeza uma kwenye sahani. Samaki walikuwa wamelala pale, rangi ya dhahabu.

"Umechoma gitaa!"

"Nimechoma kuni. Ulikuwa kwenye kuni."

"Ule ulikuwa nusu ya gitaa!"

"Sasa gitaa linalazwaje kwenye kibanda cha kuni, mama? Ningekuta piano kwenye friji ningeuliza. Kaa, ule, watapoa."

Nikakaa nikala kwa hasira. Samaki walikuwa watamu ajabu, jambo lililozidi kuniudhi.

"Gitaa la nani?" akauliza baadaye.

"La Oiva."

Akaweka uma chini. "Kanunue ubao mwingine."

"Cha dukani hapokei. Mabaki tu. Basi washa mashine unipasulie gogo, wewe si ndiye fundi!"

Lilinitoka tu. Mjomba akatazama mikono yake, na mimi nikatamani meza inimeze.

"Hata ukipasua leo hautakauka kabla ya Juhannus," nikasema harakaharaka. "Usijali. Nitatafuta."

Jumatatu asubuhi nikakuta ubao umeegemezwa mlangoni pa karakana yangu. Leppä, unene uleule. Ncha zake zilikuwa zimekwaruzika. Aliyeukata alitumia msumeno wa mkono. Upande mmoja ulikuwa mweupe, upande wa pili umekuwa kahawia na kulainika kama mpini wa jembe la zamani, na chini kulikuwa na matundu ya misumari. Pale kwenye kifundo nilipokuwa nikikwaruza kwa ukucha nilipokuwa mtoto, mkwaruzo ulikuwepo bado. Benchi la juu la sauna ya mjomba. Mahali pake kila Jumamosi, mahali ambapo hata mchungaji alipotembelea hakukaribishwa kukaa.

Nikampigia simu. "Mjomba, hili ni..."

"Ni mabaki," akasema, akakata.

Nililia juu ya ubao ule, na sioni haya kusema. Kisha nikafuta macho, nikawasha taa, nikafanya kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nusu ile nikaigundisha na nusu yangu, nikaibana kwa jiriwa hadi usingeweza kupitisha unywele katikati. Mbele nikapiga msasa na vanishi. Nyuma, upande wa kahawia, sikugusa.

Oiva alilijaribu karakanani, mgongo amenipa. Mwanzo vidole vilijikwaa. Kisha vikakumbuka njia. Alipomaliza akasema, "Si mbaya," na kwetu mtu akisema hivyo ni kama amekukumbatia.

"Kwa hiyo Juhannus unapiga."

"Nitaona."

"Utaona nini?"

"Nikisimama pale juu watu watatazama mkono, Raakel, hawatacheza."

Sikubishana. Mkesha wa Juhannus nikampakia kwenye gari pamoja na gitaa, nikampeleka kwa wazazi wake. Dansini hakuendi mtu ambaye hajapita sauna, na sauna iliyo karibu na ukumbi ni ya mjomba. Oiva alijua hilo, akanuna njia nzima. Baba na mwana wakapeana mikono kama watu wa benki, wakachukua mataulo, wakaingia. Mimi na Lempi, mke wa mjomba, tukabaki kibarazani tunaosha viazi. Ukuta wa sauna ile ni mwembamba, na sisi hatukuziba masikio.

Maji yakatupwa kwenye mawe ya moto, yakageuka mvuke kwa mlio.

"Baba," sauti ya Oiva. "Kwa nini umekaa kwenye ndoo?"

"Ndoo haina ubaya."

"Benchi la juu liko wapi?"

"Limekwenda dansini."

Lempi akaacha kuosha. "Tangu Pasaka," akaninong'oneza, "nakoga nimekalia kreti ya bia. Namwambia tengeneza lingine, ananijibu mbao hazipo. Mbao hazipo, na mashine iko uani!"

Ndani maji yakatupwa mara ya pili, safari hii mengi, kama ya mtu anayetaka kujificha kwenye mvuke. Oiva alitoka mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akaenda moja kwa moja kwenye gari langu, akatoa gitaa, akaligeuza. Akapitisha kiganja kwenye ule upande wa kahawia, juu ya kifundo.

"Ulijua," akaniambia.

"Ulitaka mabaki, nikakupa mabaki."

"Mshenzi wewe," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Alipanda jukwaani. Tango la kwanza alikosea mara mbili, nami nikasikia, maana masikio yangu hayadanganywi. La pili hakukosea popote. Watu walitazama mkono wake kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha wakashikana viuno wakacheza, kwa sababu tango likipigwa vizuri huna nafasi ya kutazama vidole vya mtu. Mjomba alikuja amechelewa, nywele mbichi, akakaa kwenye ubao wa pembeni karibu na mlango, mahali pa wasiocheza.

Wakati wa mapumziko Oiva alishuka akamwendea. Akamwekea gitaa mapajani, mgongo juu.

Mjomba akaweka kiganja chake pale, akakiacha.

"Bado lina joto," akasema.

"Jumatatu tutapasua benchi jipya," akasema Oiva.

"Mashine imeota kutu."

"Utaitia mafuta. Mimi nitashika gogo."

Mzee alitazama ule mkono wa vidole vitatu, kwa mara ya kwanza bila kukwepesha macho. Kisha akaitikia kwa kichwa, akamrudishia gitaa kwa mikono miwili, kwa sababu bendi ilikuwa imeshaanza kumwita.