Baba Agonga Ukuta wa Yungang

Baba alichimba makaa ya mawe hapa mjini Datong miaka thelathini na moja, lakini mapango ya Yungang yenye sanamu za kale, mwendo mfupi tu wa basi, hakuwahi kuyaona. Siku yangu ya mapumziko nikamburuta. Mlangoni akagoma.

"Cuiling, mlango wenyewe ni mmoja tu."

"Baba, huu si mgodi wako! Ingia, watu wanatusukuma."

Akaingia. Ndani alikuwa ameketi Buddha wa jiwe, kimo cha ghorofa tano, na watu wanampiga picha. Baba hakumtazama. Alitazama dari. Kisha akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatega sikio.

"Mzee, usiguse!" mlinzi akafoka.

"Siugusi, nauuliza. Ukijibu kama ngoma, mwamba umeachia; kimbieni."

Watu wakacheka. Nikaona aibu, nikataka kumtoa, lakini msafara mwingine wa watalii ulikuwa umeziba mlango. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kiganja cha Baba kikalowa jasho mkononi mwangu. Hapo aibu ikaniisha, maana nilikumbuka mwaka ule mgodi ulipoporomoka. Yeye walimfukua siku ya tatu. Rafiki yake Geng hawakumfikia, wakaziba shimo.

Ndipo Baba akainua macho kwa Buddha.

"Huyu yumo humu tangu lini?"

"Miaka kama elfu moja na mia tano," nikamjibu.

Akatikisa kichwa.

"Na hawa wote wanaokuja," akaninong'oneza, "hakuna hata mmoja aliyeleta sururu?"