Kondoo Waliotiwa Maji

Kinyozi hakuwa amenyoa kondoo hata mmoja maishani mwake, lakini mama mkwe wake alipomuuliza kama anaweza, alijibu, "Kunyoa ni kunyoa, mama," akacheka kama mtu aliyekwisha kunyoa mia. Domo lake hilo lilimponza mara nyingi. Safari hii tumsamehe, maana alikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa mke. Mwaka wa tatu sasa mkewe alikuwa mjini, kwenye kiwanda cha nyuzi, akichambua sufu tangu asubuhi hadi jioni. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi, amechoka, ananukia kondoo, na Jumapili mchana amekwisha kuondoka. Ukimuuliza habari za huko, atasema, "Kazi nzuri, tunashukuru," basi. Kijijini kazi hazikuwapo. Watu walihama mmoja mmoja mpaka kinyozi akabaki na vichwa vya wazee, ambavyo mtu hawezi kuvitegemea kwa chakula.

Mama mkwe si mtu wa kukaa kitako akalalamika. Alikusanya majirani, wakaunda kikundi cha kufuga kondoo wa sufu. Walianza na kumi, sasa walikuwa arobaini, na kiwanda kikawaahidi: sufu yenu ya kwanza ikipita ukaguzi, tutafungua banda la kusokotea nyuzi hukohuko kwenu, na wafanyakazi wenye asili ya huko watahamishiwa kwanza. Kinyozi aliposikia neno "watahamishiwa" hakulala vizuri wiki nzima. Kisha mnyoaji waliyemkodi akavunjika mkono siku mbili kabla ya ukaguzi, na kunyoa kukawa kunyoa.

Asubuhi ya siku hiyo kinyozi alifika zizini na mashine yake, makasi, kitana na chupa ya kunyunyizia maji. Akamkalisha kondoo wa kwanza kitako, akamfunga kitambaa shingoni, maana mazoea yana taabu, kisha akamlowesha kichwa na mgongo kama anavyowafanyia wateja wake. Wanakikundi walikuwa wamepanga foleni, kila mtu na kondoo wake.

"Mbona anamtia maji?" aliuliza mmoja.

"Wewe hukufunzwa?" mwenzake mmoja, fundi cherehani, alimjibu. "Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji!"

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kadiri walivyolifikiria, neno lenyewe lilionekana la busara. Ndoo zikatafutwa. Kinyozi alipomaliza kondoo wa pili na kuinua macho, kundi zima lilikuwa limelowa chapachapa, naye, badala ya kushtuka, akawasifu.

"Hapo sawa. Nywele zilizolowa hazimsumbui mtu."

Mama mkwe, aliyekuwa amerudi nyumbani kuchukua miwani, alifika wakati huo na karatasi ya maelekezo ya kiwanda. Akaisoma kwa sauti: kondoo anyolewe akiwa mkavu, sufu yenye unyevu huoza ndani ya gunia, haitapokelewa.

Wenye ndoo walizificha nyuma ya migongo yao.

"Mkaguzi anafika saa ngapi?" kinyozi aliuliza.

"Saa tatu. Bado nusu saa." Mama mkwe aliikunja karatasi. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Hayazoleki, mama, lakini hukauka. Wapandisheni pale nyuma ya duka langu penye upepo, muwaanike. Huyo mkaguzi niachieni mimi."

Mkaguzi alikuwa mrefu, mpole, mwenye nywele nyingi ajabu na ndevu za kutosha watu wawili. Kinyozi alipoziona nusura amkumbatie.

"Karibu, kaka! Kondoo wanaletwa. Keti hapa dukani nikupunguze kidogo, bure, ya mgeni."

Mkaguzi alikitazama kiti, akamtazama kinyozi, akaketi.

Kinyozi alianza na upande wa kushoto, akaumaliza, akauacha wa kulia vilevile. Mtu mwenye nusu kichwa haendi popote. Akaanza kutafuta kitana kilichokuwa mfukoni mwake. Akatia mashine mafuta. Akamwosha mgeni kichwa, akakikausha, akagundua kwamba hakukiosha vizuri, akakiosha tena. Alimsimulia habari za kila ukoo kijijini, na koo zilipokwisha akatunga nyingine. Kila baada ya muda mama mkwe alipita dirishani akitikisa kiganja: bado. Ilipofika saa saba alipita tena, safari hii kidole gumba juu.

"Wamekauka?" mkaguzi aliuliza.

Mashine ilimteleza kinyozi, ikapasua njia kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni.

"Nani, kaka?"

"Kondoo. Kioo chako kinaonyesha dirisha lote. Tangu saa tatu namwona yule mama akiwageuza kama nguo."

Kinyozi aliona banda limekwenda, na mke naye. "Sasa... kwa nini umekaa?"

"Mkeo na mimi tunachambua sufu meza moja. Jana, aliposikia nani atanyoa, aliniambia, 'Mume wangu kondoo hawajui, lazima atafanya kioja. Akikwambia keti, keti. Anataka nirudi.'" Mkaguzi alijipangusa povu sikioni. "Halafu akasema, 'Na mimi nataka.'"

Miaka mitatu kinyozi aliamini kwamba Jumapili zinamuuma yeye peke yake. Machozi yalimtoka palepale, mashine ikivuma mkononi, wala hakujisumbua kuyaficha.

"Lakini siwapitishi kwa huruma," mkaguzi alisema akiinuka. "Twende nione."

Aliwapanua sufu mmoja mmoja hadi kwenye ngozi. Mafuta ya sufu yenyewe yalikuwa yameyazuia maji juujuu, na jua na upepo vikamaliza kazi. Sufu ya wale wawili wa kwanza aliikataa, ikatupwa kando. Wengine wanane, wawe sampuli ya kundi, kinyozi aliwanyoa mbele yake, ngazi ngazi, vibaya mno, na mkaguzi akaivuta sufu yao, akaikunjua, akaichungulia juani.

"Kunyoa hujui," alisema. "Sufu ni nzuri. Nitaandika hivyo."

Kisha wakarudi dukani, kwa sababu ile njia ya kichwani haikuwa na dawa nyingine.

Kesho yake asubuhi simu ya kinyozi ililia. Ujumbe ulikuwa wa mkewe: "Mkaguzi karudi kipara. Nimeanza kufunga mizigo."

Kinyozi alifunga duka mteja akiwa mlangoni, akaenda kufagia chumba.