Kunde za Mtoto wa Zulai

Hasiya alishuka kwenye pikipiki akapitiliza hadi uani, hata mama yake hakumsalimu. Alichokiona kilimkata maini. Katika miche yote ya kunde aliyoipanda, mmoja tu ndio uliokuwa umebeba maganda, na sasa umebakiwa na ganda moja linaning'inia kama hereni.

"Mama! Nani amechuma?"

"Salamu kwanza," akasema Tasalla, huku akiendelea kutwanga uwele. "Au huko Maradi siku hizi mnasalimia mimea?"

Ndiyo, mimea ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwenye kituo cha utafiti wa mbegu huko Maradi, Hasiya aliziozesha kunde nyekundu za mama yake, ndogo lakini sugu, kwa kunde nyeupe nono zinazopendwa sokoni. Wajukuu wa ndoa ile akawapanda hapa nyumbani, makusudi, msimu ambao joto limepamba moto, akawanywesha maji ya kisima. Maana kunde haiogopi jua la mchana. Kinachoishinda ni usiku usiopoa: chavua inaungua ndani ya ua, na kukicha maua yote yako chini. Ndiyo maana kijiji kizima siku hizi kinavuna majani matupu. Lakini mche huu mmoja ulirithi ukaidi wa bibi na unene wa babu. Wenzake walipomwaga maua, wenyewe ukayang'ang'ania. Jibu la miaka yote ya kazi yake lilikuwa pale, na limeliwa!

"Si nilikuambia usiache mtu aguse?"

"Uliniambia mbuzi. Ukaniambia watoto. Mjamzito hukumtaja."

Hasiya akanywea. Angemtajaje? Kwao mjamzito akitamani kitu shambani hanyimwi, hata awe mke wa adui yako. Unamchumia, unabakiza ganda moja likaukie kwenye mche, nalo ni la mtoto. Siku akizaliwa linapikwa kwenye uji wa kwanza wa mama yake, ili maziwa yasikatike.

Zulai, mke wa kaka yake, akatoka ndani, tumbo limemtangulia. "Wifi, umekuja kunihesabia nilichokula?" Kisha akaiona sura ya Hasiya, utani ukamkauka. "Jamani. Zilikuwa za kazi?"

Maneno yalikuwa mdomoni tayari: niachie hilo moja tu. Lakini Hasiya alimkumbuka Zulai wa mwaka juzi, aliyemzika mtoto kabla hajapewa jina. Mwaka ule kunde hazikuzaa kabisa, uji ukapikwa mtupu. Hakuna aliyemwambia Zulai kwamba ndiyo sababu. Alijiambia mwenyewe, kila siku.

"Zilikuwa za kuliwa," Hasiya akasema. "Zilikuwa tamu?"

"Tamu mno, wifi yangu."

Akaenda nyuma ya ghala la uwele, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Kesho yake akarudi Maradi, ganda hakuligusa.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu ikaja: mtoto wa kike, mzima, ana mapafu kama mpiga zumari. Hasiya akafunga safari siku ile ile. Alimkuta Zulai amekaa mkekani, mtoto kifuani, kibuyu cha uji kitupu pembeni.

"Kaa hapa," Zulai akamwambia. "Wewe mwanamke huna akili, unajua? Mama ameniambia ule mche ulikuwa nini. Muda wote huo umenyamaza tu!"

"Ningekuomba nini, Zulai? Si ganda la mtoto?"

Zulai akafungua fundo kwenye ncha ya kitambaa chake. Kunde zikamwagika kiganjani, kubwa, nyeupe, kila moja na jicho jekundu. Hasiya hakuthubutu kunyoosha mkono.

"Nimepikiwa kunde moja tu ya lile ganda," Zulai akasema. "Maziwa yakaja. Nikamuuliza mtoto mwenyewe, mama, imekutosha? Akanyonya, akashiba, akalala. Basi imemtosha."

"Na hizi? Usicheze, wifi. Hizi ni zake."

"Ni zake, ndiyo! Kwani nani amesema nakupa?" Akaukamata mkono wa Hasiya na kuzimimina humo. "Nenda ukampandie. Mwakani atakuwa na meno."