Aliyekosa wa Kumkimbiza

Radi alikuwa mwepesi wa vidole kuliko binadamu yeyote aliyewahi kushika padi ya gemu, na anayebisha akawaulize nzi waliozoea kutua kwenye meza yake. Siku moja alipiga chafya katikati ya mchezo. Chafya ilipofika kwenye skrini, mchezo ulikuwa umekwisha na mwenyewe ameshainuka kwenda kunywa maji. Ndivyo watazamaji wake walivyosimulia, naye hakuwakatalia, maana kazi yake ilikuwa kutazamwa.

Kila siku baada ya chakula cha mchana aliketi mbele ya kamera, katika chumba alichopewa na shangazi yake, fundi cherehani, akarusha laivu gemu lile lile: mpeleka taa anaingia kwenye jumba la mawe, anapanda ghorofa kwa ghorofa, anaiwasha taa yake juu ya mnara. Watu wa kawaida hulimaliza kwa siku kadhaa. Wakimbiaji wa gemu, watu wa kazi ya Radi, hulimaliza kabla maharage hayajachemka, na hugombania nani amewahi zaidi.

Rekodi ilikuwa ya Radi. Na hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia.

Kwa miaka mingi rekodi hiyo ilikuwa mali ya watu wawili. Radi akiichukua, hajakaa sawa kitini, Konokono ameshampokonya. Hakuna aliyemjua Konokono, si sura wala sauti. Aliporusha mchezo wake hakusema neno, vilisikika vitufe tu. Kabla ya kila kuruka alikuwa na kaugonjwa ka kubonyeza mara mbili bure, ta-ta, halafu ndipo anaruka. Radi aliujua mlio huo kama mtu anavyozijua nyayo za wa nyumbani mwake. Hawakuwahi kusalimiana. Walikimbizana tu, na hilo liliwatosha.

Kisha Konokono akapotea. Radi akachukua rekodi, akasubiri kupokonywa. Akasubiri sana.

"Umeshinda, sasa mbona unakaa kama umefiwa?" shangazi alimuuliza, pini mdomoni.

"Sina wa kunikimbiza, shangazi."

"Toka nje. Mbwa wa jirani anakutosha."

Alicheka, lakini hakutoka. Akimaliza laivu yake alipekua laivu za wakimbiaji wote wenye kasi, sikio ametega. Wapo waliobonyeza kama mvua inayopiga bati, wapo waliobonyeza kama wanakuna upele. Ta-ta hakuisikia.

Alikuwa na siri moja. Jikoni mwa lile jumba la mawe kuna ukuta wenye hitilafu: ukiupa mgongo, ukaruka kinyumenyume pale pembeni, unatumbukia ndani yake na kuibukia juu ya mnara, hujakanyaga ngazi hata moja. Aliugundua siku shangazi alipokigonga kiti chake kwa ufagio, kidole kikateleza. Hakuwahi kuutumia mbele ya watu. Alikuwa amemwekea Konokono: siku jamaa akirudi na kuivunja rekodi, amjibu kwa ukuta huo. Mkimbiaji akiwa na siri kama hiyo haifichi tu, analala nayo.

Mchana mmoja, uzalendo ukamshinda, akaitoa.

"Konokono," aliiambia kamera, "hii nilikuwekea wewe. Njoo unishinde nayo." Akaupa ukuta mgongo, akatumbukia.

Watazamaji wakapagawa. Kila mwenye padi alikimbilia jikoni. Inasemekana msongamano ulikuwa mkubwa hadi ukuta ukaanza kuchubuka rangi. Haukupita muda, rekodi ikavunjwa na mtu asiyemjua, halafu na mwingine, halafu na mapacha wanaopokezana padi moja bila hata kutazamana. Watazamaji nao wakahamia huko. Radi hakujali nani amempita. Alisikiliza vitufe vyao mmoja mmoja, akazima.

Siku moja alikwenda jikoni kutafuta maji, jiko la kweli, si la kwenye gemu, akamkuta shangazi akimenya viazi, simu ameiegemeza kwenye sufuria. Ndani ya simu mpeleka taa alikuwa akijikokota.

"Kumbe na wewe unatazama gemu?"

"Lako linanitia kizunguzungu. Huyu bwana ndiye anayecheza. Anakwenda taratibu, anakuonyesha mapazia, anapiga soga. Tangu juzi anahangaika na ule ukuta wako, maskini, haumkubali."

"Anatazamwa na nani?"

"Na mimi. Na wewe ukitaka kukaa."

Radi akaguna, akageuka na kikombe chake. Nyuma yake, ndani ya simu, kukasikika: ta-ta. Kimya. Kishindo cha mpeleka taa akianguka sakafuni. Ta-ta.

Kikombe kilibaki hewani. Miezi yote hiyo alimtafuta mtu wake huko mbele, kwenye wenye kasi. Haikumjia hata mara moja kumtafuta kwa wanaojikokota.

Akainyakua simu, akaandika: "Konokono? Ni mimi, Radi."

Bwana yule akasoma. Mpeleka taa akasimama. "Hilo jina niliacha kulitumia," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima, na Radi aliona ajabu kwamba muda wote huo ilikuwepo. "Mkono wa kulia ulikufa ganzi. Daktari akasema basi. Nacheza na huu uliobaki."

"Mbona hukuniambia?" Radi akaandika.

"Nikuambie nini? Nipo nyuma, nisubiri?"

"Ningekusubiri."

"Najua. Ndiyo maana sikusema." Akakohoa. "Laivu zako natazama zote. Ule ukuta umenitoa jasho, mdogo wangu."

Radi akaenda chumbani na simu ya shangazi, akaiegemeza kando ya skrini. Kamera hakuiwasha, alirusha mchezo tu. Mkono wa kulia aliukalia chini ya paja, padi akaikamata kwa wa kushoto, vidole vikatambaa kama kaa aliyelewa. Kwa tabu akaandika: "Tuanze mwanzo. Mimi na wewe, mkono mmoja mmoja."

"Unanihurumia?"

"Njoo uone."

Wakaanza. Shangazi akatokea mlangoni na kisu cha viazi. "Simu yangu iko wapi? Na huo mkono umefanyaje?"

"Kidogo tu, shangazi."

Shimo la kwanza, ambalo hata mtoto wa chekechea hulivuka, Radi alitumbukia. Akaanza upya, akatumbukia tena. Bwana yule alikuwa keshalipita, anachekea kifuani, anapanda ngazi. Ta-ta. Radi akasogeza kiti karibu na skrini, machozi yakimlengalenga, akamfuata.