Siku Niliyokuwa Kompyuta

“Wewe kompyuta, umelala?” aliuliza Sista Gudny, na wauguzi wenzake wakaangua kicheko.

Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya katoni ya ndizi niliyoitoboa dirisha kwa kisu cha mkate. Wao walibonyeza herufi zilizochorwa kwenye karatasi, nami nikawapitishia majibu kwa kadi, tukiigiza kompyuta ambayo bado haijatengenezwa. Hapo ni hospitalini, mjini Trondheim, mwaka 1984, na kazi yangu ya kwanza ya kubuni programu za kompyuta ilikuwa inaning’inia. Kesho yake Gudny, mkuu wa wodi, alitakiwa kutia saini orodha ya mambo ambayo kompyuta yao mpya ingefanya. Akishatia, basi, wangekaa nayo hivyo hivyo miaka kumi. Wiki tatu nilikuwa nimewahoji na kuwagawia madodoso, na kila mmoja alinijibu yaleyale: sisi tuko sawa tu. Sasa kwa jibu hilo mtu ajenge nini?

“Kitanda cha sita,” Gudny akabonyeza.

Nikapitisha kadi: Halvard, joto la kawaida, dawa amepewa saa mbili asubuhi.

“Endelea.”

“Yameisha.”

“Yameisha nini? Mbona husemi kwamba mzee huyu dawa anazificha chini ya ulimi, halafu anazitema kwenye chungu cha maua?”

Nikachungulia dirishani. “Sista, hilo mmeliandika wapi?”

“Liandikwe wapi? Tunaambiana hapo mlangoni tukipokezana zamu, kahawa mkononi.”

“Wiki tatu nzima hamkuniambia!”

“Kwani uliuliza?”

Lo! Nilitamani kupiga vigelegele. Nikachomoka kwenye katoni, nikatwaa kadi tupu na kuandika juu yake: *La kuangalia.* Wakanivamia, kila mtu na lake: mama wa kitanda cha dirishani hali chakula mpaka bintiye amkatie jibini, wa kitanda cha pili huogopa taa ikizimwa. Kadi zikaniishia, tukahamia kwenye karatasi za kufungia mkate. Kurasa zangu tisini za orodha ya awali nilizitupa pipani huku nikicheka kama mwehu. Asubuhi Gudny akatia saini orodha mpya ya kurasa nne.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama katika wodi ileile. Sasa mgonjwa ni yeye. Mashine zimebadilishwa mara sijui ngapi, lakini kile kisanduku cha *La kuangalia* bado kimo kwenye kioo.

“Sijambo kabisa,” alimwambia muuguzi, akitabasamu.

Muuguzi yule akatazama kioo cha kompyuta yake. Nikachungulia juu ya bega lake, nikasoma: *Atakwambia hajambo. Muulize tena.*

Akavuta kiti, akaketi, akamuuliza tena.