Vidonge vya Magoti Mawili

Padri Osmund alipokuwa anakaribia kuja kusoma misa yake ya kwanza nyumbani Mpitimbi, baba yake, mzee Wendelini, hakuhofia chakula wala wageni. Alihofia magoti. Padri mpya huwapa wazazi wake baraka ya kwanza wakiwa wamepiga magoti mbele ya kanisa zima, na magoti ya Wendelini, baada ya miaka arobaini ya kulima matuta, yalikuwa yamevimba hata kukaa kitini ilikuwa kazi.

Kupiga magoti angeweza. Kuinuka ndiko kulikomnyima raha. Mwaka juzi jirani yake Bartolomeo alimpigia mwanawe, naye padri mpya, magoti vivyo hivyo, akanasa pale chini, akanyanyuliwa na wanaume wanne kama gunia la mahindi. Aliyecheka kuliko wote, na kuisimulia habari ile kilabuni mpaka Krismasi, alikuwa Wendelini mwenyewe.

Basi akaenda Songea mjini, kwenye duka la dawa la Noela, binti wa dada yake. Noela akampa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe, akamwambia ameze kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Mzee akaitikia kila neno kwa adabu, akarudi nyumbani, akafanya ya kwake. Magoti ni mawili, kidonge kimoja kitayafikiaje yote? Akawa anameza viwili kila mara: cha kwanza akilalia ubavu wa kulia ili kishukie goti la kulia, cha pili akilalia wa kushoto. Kula asubuhi ndiko kabisa hakukuwezekana, kwani alikuwa kwenye novena, siku tisa za kufunga mpaka jua lizame kwa ajili ya upadri wa mwanawe, na nadhiri ni nadhiri.

Magoti yakatulia. Siku ya tatu alichuchumaa na kuinuka mara sita mbele ya mkewe, Mektilda, na kuku wake. Siku ya tano tumbo likaanza kuwaka. Siku ya sita alikuwa amejikunja kitandani, hataki kuguswa, na Mektilda akamkokota mpaka kwa Noela.

Noela alisikiliza habari ya mbavu mbili na novena, akashika kichwa.

“Mjomba, kidonge hakijui goti. Kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima. Goti lako likiumia linatengeneza kemikali fulani, hiyo ndiyo inaleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Dawa inazuia isitengenezwe, basi unaona umepona, kumbe ubovu uko palepale. Sasa kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinafanya tumbo lijipake ute wa kujikinga na tindikali yake lenyewe. Umezizuia nazo, tena kwa dozi mara mbili. Tumbo limebaki uchi, na hata ugali hukuliwekea.”

Wendelini akauliza kama hakuna kidonge cha kwenda gotini tu. Noela akasema hakuna, akavichukua vilivyobaki, akampeleka kwa daktari siku ileile akapewa dawa ya tumbo. Paroko naye akambadilishia nadhiri: badala ya kufunga, rozari, tena ya kukaa kitini.

Siku ya misa Wendelini alipiga magoti kando ya mkewe. Mikono ya mwanawe ilipotua kichwani pake alilia waziwazi, na kwa muda akasahau kila kitu. Kisha Mektilda akainuka. Wendelini akajaribu, magoti yakakataa. Akajaribu tena. Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza upya. Watu wakaanza kunyoosha shingo, na mzee akaiona kilabu nzima ikimsubiri jioni.

Hapo ndipo Bartolomeo alipotoka benchi la tatu akiwa na fimbo yake. Wendelini akafumba macho, maana sasa malipo yamefika. Alipoyafumbua, jirani yake alikuwa anajishusha taratibu, viungo vikilia, mpaka akapiga magoti pembeni yake.

“Utainukaje, wewe?” Wendelini akanong’ona.

“Siinuki,” Bartolomeo akasema. “Wakicheka, watucheke wawili.”

Wale wanaume wanne wa mwaka juzi walipofika mbele, Wendelini aliwaambia waanze na Bartolomeo.