Filta Nyekundu na Msumeno

Wateja ndio waliompachika jina la Mama Maswali. Gari likiletwa gereji likikohoa, yeye huanza kwa kuhoji: limeanza lini, asubuhi au jioni, mkipanda kilima au mkishuka? Wengine walichoka naye kabla boneti haijafunguliwa. Ila waliondoka na magari yaliyopona, kwa hiyo walirudi, wakahojiwa tena.

Safari hii aliyekosa jibu alikuwa yeye mwenyewe. Gari la wifi yake, dada wa mumewe, lilikuwa la mbio, lenye injini ya tabo, ile feni inayoisukumia hewa, yenye nguvu za kutisha. Injini hiyo Mama Maswali aliiunga kwa mikono yake kuanzia krenki, mhimili wa chuma ulio chini, hadi kifuniko cha juu, ya kwanza kuiunga peke yake bila mumewe kushika hata nati. Jumamosi ingeingia mashindanoni. Lakini kila asubuhi taa ya oili ilichelewa kuzimika, sekunde tatu, wakati mwingine nne. Kwa nini? Alishuku filta ya oili. Akaifungua iliyokuwepo, akamwomba mumewe aipasue ili waone tumbo lake, kisha yeye mwenyewe akaenda duka la spea.

Alirudi na tatu: fupi, ndefu, na nyekundu inayong'aa ambayo wifi alikuwa akiililia tangu juzi, ati inaendana na rangi ya gari. Zote zilikuwa na uzi mmoja wa kufungia, zote zingekaa. Muuza spea alipoulizwa tofauti ni nini, alisema ni bei.

Alimkuta mumewe mezani, karatasi ya filta ya zamani ameitandaza mbele yake. Chembe za chuma zilimetameta kwenye oili nyeusi.

"Injini yako imeanza kujila," alisema. Tayari alikuwa amempigia dada yake simu kumwambia Jumamosi asahau.

Mama Maswali aliinamia karatasi. Ikiwa chembe zile zimetoka kwenye beringi, basi aliunga vibaya, na nani atamwachia injini tena? Machozi yalikuwa njiani, lakini udadisi ukayawahi. Alichukua sumaku ya spika iliyokufa, akaipitisha juu ya karatasi. Chembe zote zikairukia. Beringi za injini ile hazishikwi na sumaku, alimwambia mumewe. Mumewe akajibu kwamba krenki inashikwa. Hilo lilikuwa kweli, hakuweza kulibishia, na lilimuuma.

Ndipo alipoona unga wa chuma chini ya jiliwa la kubania vyuma.

"Umeikata na nini?"

"Na msumeno. Kikata bomba sikukiona."

Mama Maswali aliuchukua msumeno. Aliibana filta nyekundu kwenye jiliwa, mpya kabisa, akaanza kuikata kwa msumeno uleule. Wifi akaingia wakati huohuo, kopo la oili mpya mkononi, akaona kipenzi chake chekundu kinachinjwa. Alilalamika wee, Mama Maswali akaendelea kukata.

Ndani, chembe zilimetameta vilevile, na filta ile haikuwahi kuonja hata tone la oili. Bado hakuridhika. Alirudi kwenye ile ya zamani, akafunua mikunjo ya ndani ambako unga wa msumeno haukufika, akaifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka na weusi wa oili, basi. Injini ilikuwa nzima. Alicheka, kisha akaketi kwenye tairi.

Baada ya hapo ikawa raha tupu. Aliikunja vali ya mpira ya filta ya zamani, ile inayozuia oili isirudi chini injini ikilala. Ilikuwa imekauka, ikapasuka vidoleni. Zile sekunde zilitoka hapo. Ile nyekundu ilikuwa na mikunjo michache ya karatasi iliyogundishwa kombo, na wifi akakiri kwamba uzuri wote ulikuwa wa ngozi. Katika ile fupi, Mama Maswali alipenyeza ncha ya kalamu tunduni, akaibonyeza vali. Ilikuwa ngumu. Ile ndefu ilibonyea, ikarudi mahali pake. Akaipima isiguse bomba la tabo. Ilipita.

"Hii," alisema.

Wifi alimgeukia kaka yake. "Mwambie na ile nyingine uliyoniambia kwenye simu."

Mumewe aliinama kufuta meza.

"Basi nitasema mimi. Aliniambia nitafute fundi mwingine."

 Hilo lilimuuma Mama Maswali kuliko zile chembe.

"Fundi gani?" aliuliza.

"Sikufika kwenye jina," mumewe alisema. "Niliogopa. Nisamehe."

  Mama Maswali aliupaka oili mpira wa filta ndefu, akaikaza kwa mkono. Ubavuni mwa filta mafundi huandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake jina la gereji, ambalo ni jina la mumewe. Aliandika tarehe. Akaandika kilomita. Kisha, kwa herufi kubwa, akaandika jina lake mwenyewe.